Abiria wa Bwana Asante

Mjini kwake hakuna aliyemwita fundi friji, ingawa ndiyo kazi aliyoifanya miaka ishirini. Walimwita Bwana Asante. Ukimpa maji, asante, ukimpa lawama, asante, mteja akimbamizia mlango usoni, yeye husimama kibarazani akauambia mlango, "Asante." Wapo waliosema ni unafiki. Unafiki wapi! Ni malezi tu. Marehemu mama yake alimfundisha kwamba hakuna siku isiyo na cha kushukuru, ila kuna watu wavivu wa kutafuta.

Basi Jumapili hiyo, katika chumba cha hoteli kwenye mji wa ugenini, Bwana Asante alitafuta mpaka akachoka.

Kaka yake ndiye aliyemtuma hotelini. "Usifike kwa wakwe na vumbi la basi," alimwambia. "Lala hoteli, oga, nyoosha shati, uende ukiwa mtu." Akatii. Usiku alipofika, maji ya moto yaliyotangazwa ukutani hayakutoka, yakatoka ya baridi, akashukuru. Shuka ilikuwa na kiraka kilichoshonwa vizuri, akamshukuru hata aliyekishona. Kisha akalala. Yaliyofuata waulize kunguni.

Kulipokucha alikuwa na vipele mistari mistari, shingoni hadi kiunoni, na jicho la kushoto limevimba nusu ya kufumba. Hayo angeyavumilia. Damu ni yake, na wenyewe walimbakishia ya kutosha. Kilichomkata maini kilitokea saa tatu na nusu, alipoichukua suti yake ya kijivu kutoka kwenye begi lililolala kitandani usiku kucha. Kunguni mmoja, mnene, ameshiba, alitoka kwenye kola bila haraka, akatembea begani, akaingia mfuko wa kifuani. Bwana Asante akaikung'uta suti kwa nguvu zote. Wakaanguka wengine wawili.

Na ambao hawakuanguka je?

Alishuka mapokezi kwenda kusema. Dada wa mapokezi hakuinua macho kwenye simu yake. "Kunguni? Hapa? Labda umekuja nao wewe, kaka."

"Asante," akajibu kwa mazoea, na neno lenyewe likawa chungu mdomoni.

Angeweza kuahirisha? Hata kidogo. Alikuwa anakwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake, mwalimu, mwanamke ambaye bila yeye hakuona tena maana ya kufunga karakana na kurudi nyumbani jioni. Ameshaahirisha mara mbili: mara ya kwanza friji la bucha lilizima na nyama yote ndani, mara ya pili basi liliharibika njiani. Baba mtu, mkaguzi wa tiketi za treni mstaafu, akatuma neno moja tu: "Treni haimsubiri mtu mara tatu." Miadi ilikuwa saa nne kamili. Begi zima lilikuwa na wadudu, na maduka ya nguo yalikuwa yamefungwa. Akavaa suti ileile, akaondoka.

Njiani alikumbuka mende. Maana mapenzi yao yalianza na mende. Alitengeneza friji la mwalimu, akalirudisha likigandisha barafu safi kabisa, kumbe nyuma ya mota kulikuwa na ukoo mzima wa mende wa karakana. Wiki mbili baadaye jiko la mwalimu lilikuwa lao. Fundi alikwenda Jumamosi mbili mfululizo kulisafisha kwa mikono yake, kabati kwa kabati, na Jumamosi ya tatu akaenda bila sababu. Tangu mende wale aliapa hataingiza tena mdudu kwenye nyumba ya mtu.

Saa nne kasoro dakika moja alibisha. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyefungua geti, amevaa gauni la bluu, akaliona jicho lake na kushtuka. Kabla hajauliza, mama yake akatokea mlangoni, uso wote tabasamu.

"Karibu mwanangu! Pita ndani, pita."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pita ukae."

Kupitia mlango ulio wazi aliyaona makochi. Yamevikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, vimefuliwa, vimepigwa pasi, vimenyooka. Mtu ameamka alfajiri kwa ajili ya vile vitambaa. Miguu ikagoma.

"Asante mama. Hapahapa uani panatosha."

"Uani? Mgeni wa leo akae uani?" Tabasamu likapungua. Mama akaleta kiti chenye mto.

"Asante, nitasimama tu."

Hapo mzee akatoka. Alikuwa mfupi, amenyooka, saa yake kubwa kuliko mkono. Akamwangalia mgeni juu mpaka chini kama anayetafuta tarehe kwenye karatasi. "Bwana," alisema polepole, "nyumba yangu ina kasoro gani?"

Shingo ya Bwana Asante ilikuwa inawaka moto wa kuwashwa, na mkono haukuthubutu kupanda. Uongo ulikuwa tayari ulimini: mgongo, mzee, mgongo unanisumbua. Au angekaa tu kwenye kochi saa moja, anywe chai, ajibu maswali, aondoke. Nani angejua? Akamtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, na aibu ile haikuwa haki yake.

Liwalo na liwe.

"Mzee, nyumba yako haina kasoro. Kasoro nimekuja nayo mimi. Nimelala hoteli, na hapa niliposimama nina kunguni."

Mama akashika mdomo. Mabega ya mwalimu yakaanza kutikisika, na fundi akajua amemliza. Mzee akamzunguka taratibu, mikono nyuma.

"Wangapi?"

"Niliowaona, watatu."

"Ungekaa kwenye kochi langu, mimi ningejua lini?"

"Baada ya wiki mbili au tatu, mzee. Na msingenidhania mimi. Mngelaumiana wenyewe kwa wenyewe."

Mzee akasimama mbele yake. Sauti ilipotoka ilikuwa imebadilika. "Nimekagua tiketi miaka thelathini na miwili. Nimewatoa watu chini ya viti, nimewatoa chooni, nimewatoa nyuma ya magunia. Wengine wana tai shingoni. Hata siku moja, siku moja tu, sijamwona abiria akanyoosha mkono mwenyewe akasema, mkaguzi, mimi sina."

"Maneno baadaye!" mama akamkatiza. "Mtu anawashwa! Lete ndoo. Na hiyo suti, mwanangu, vua hukohuko bafu la nje, uifunge kwenye mfuko wa plastiki. Tutaiivisha juani mpaka wafe humo."

Hapo ndipo fundi alipogundua kwamba mwalimu hakuwa analia. Alikuwa ameshika mlingoti wa kamba ya nguo, machozi yanamtiririka kwa kicheko. "Mara ya kwanza mende," alisema akihema, "sasa kunguni. Mara ya tatu utaniletea nini, chatu?"

Bafu la nje lilimpa maji ya moto, ya kwanza tangu aingie mji ule. Mlangoni alikuta ametundikiwa nguo za mzee: suruali iliyomwishia chini kidogo ya magoti, na shati lake la zamani la kazi ya treni, lenye vifungo vya shaba vilivyosuguliwa mpaka vikang'aa. Akaingia sebuleni hivyohivyo. Mama akampaka dawa ya vipele, akamsukuma kwenye kitambaa cheupe kuliko vyote, akamwambia, "Kaa."

Akakaa. Chai ikaja. Akasema alichokijia, kwa maneno machache, maana yale mengi aliyoyakariri yalibaki kwenye suti.

Mzee aliichezea saa yake kwa kidole. Kisha akamgeukia mkewe.

"Mama, huyu ameshavaa nguo za nyumba hii. Na lile shati, unajua sijawahi kumwazima mtu. Tumnyime nini tena?"

Bwana Asante akafungua kinywa. Neno lile moja, alilolisema kwa wateja, kwa makondakta na kwa milango iliyofungwa, likagoma kutoka. Alijaribu tena. Akaiangalia mikono yake yenye vipele, kipele kwa kipele, na kila kimoja akakiona cha thamani.

"Mbona hasemi kitu?" mama akanong'ona kwa wasiwasi.

"Mwache, mama," mwalimu akajibu. "Anashukuru."