Moshi wa Siti ya Nyuma

Chediel, dereva wa gari la abiria la kijiji cha Mungaa, alimkuta Sostenes ameketi juu ya tairi, anakunywa uji wa ulezi. Gereji yenyewe ilikuwa mti mmoja na uzio wa mabati pembezoni mwa barabara, Unyambwa. Alisubiri fundi amalize uji, kwa sababu mtu anayekula hapewi matatizo, kisha akamwambia kuwa taa bado inawaka.

"Ile ile?"

"Ile ile. Ya injini."

Ilikuwa taa ndogo ya njano kwenye dashibodi. Iliwaka mwezi wa sita, upepo wa baridi ulipoanza, na tangu hapo haikuzimika. Chediel aliitibu kwanza kwa dawa ya madereva wote wenye magari ya zamani: alibandika juu yake kipande cha utepe mweusi wa umeme. Taa ikahamia juu ya utepe. Alibandika kipande kingine, nayo ikahamia juu ya hicho. Sostenes alikwisha kuchomoa betri, taa ikaendelea kuwaka. Akachomoa na balbu yenyewe, akaitia mfukoni, na tundu lililobaki likawaka vilevile.

"Itakuwa waya," alisema siku hiyo.

Mashine ya kupimia ilisema moshi unatoka bila kusafishwa. Wakabadili sensa, kile kihisio cha moshi kwenye ekzosi, wakafunga ya mtumba. Mashine ikarudia maneno yale yale, maana mashine haina aibu wala urafiki.

"Leo tunaliziba mdomo," alisema Sostenes. Alilowesha tambara, akalisokomeza kwenye bomba la moshi, akamwambia Chediel awashe gari.

Moshi ulipokosa njia ya kutokea ulitafuta nyingine. Ulipanda kupitia sakafu ya nyuma, chini ya zulia la plastiki, ukajikusanya kwenye siti ya mwisho, upande wa dirishani, ukakaa. Ulikuwa umejifunga kitambaa kichwani na umeshika tumbo kwa mikono miwili. Chediel aliutazama kwenye kioo. Alikuwa Editha, binti wa Hana wa Mungaa, aliyefia kwenye siti hiyo akipelekwa mjini kujifungua.

"Basi tatizo tumelipata," alisema Sostenes. "Ekzosi imetoboka chini ya siti ya nyuma, na bodi nayo imeoza. Moshi unaingia ndani. Madirisha yakiwa wazi unatoka. Yakifungwa, kaka..." Hakumalizia. Alichukua kikombe chake akaenda kukisuuza.

Chediel hakuwa na haja ya kumaliziwa. Tundu hilo alilijua. Aliliona msimu uliopita, akalitandikia gunia, na juu ya gunia akatandika zulia. Harufu alikuwa ameizoea, na yeye mwenyewe huendesha dirisha lake likiwa wazi kidogo.

Lakini mwanamke mwenye uchungu hapigwi upepo. Kila mama wa Mungaa analijua hilo, na upepo wa kule si wa kuchezea. Siku ile Hana alifunga madirisha yote, akachana kanga yake na kuziba kila upenyo kwa vipande, kwa upendo wote alionao mzazi. Njiani Editha alisema kichwa kinamuuma, anataka kulala.

"Mwache alale," alisema Chediel.

Hana, siti ya kati, alitapika. Watu wakasema baadaye kuwa ni uchungu wa mwana. Walipofika hospitali Editha hakuamka, na mtoto tumboni hakuamka. Kanisani wakaambiwa kazi ya Mungu haina makosa.

Hata hivyo walitafuta mwenye makosa. Walimpata Luciana, mjane jirani, mwenye macho mekundu kwa kupikia kuni kibandani tangu usichana wake; wao waliyaita ya kichawi. Walilibomoa zizi la mbuzi wake, na mengine wangeyafanya kama hangewahi kuondoka. Akahamia Sepuka kwa kaka yake. Aliyempeleka ni Chediel, kwa gari hilo hilo, maana Mungaa halilali gari jingine. Luciana alikaa siti ya nyuma, akafungua dirisha, akafika salama.

"Nichomelee?" aliuliza Sostenes.

Chediel alitazama ng'ambo ya barabara. Abiria wake wa kurudi Mungaa walikuwa kivulini, wamekalia ndoo zao za mafuta ya alizeti, wanamwangalia. Wakimwona fundi anachomelea sakafu wangeuliza kwa nini, na kabla ya jioni Hana angejua. Kuliziba tundu ni kukiri kuwa lilikuwepo. Aliona aibu, na nyuma ya aibu aliona hofu, na hofu ilikuwa kubwa zaidi.

"Msimu wa mnada ukiisha," alisema.

"Kaka, hili linaua."

"Nimesema msimu ukiisha."

Sostenes alichomoa tambara. Moshi wote ulitoka, isipokuwa Editha. Abiria walipopanda, mama mmoja mwenye kuku wawili alimwambia, "Sogea, mwanangu," naye akasogea.

Toka hapo alisafiri kila siku. Asubuhi alishuka kwenye geti la hospitali akasimama kusubiri kuitwa. Hakuna aliyemwita, na alasiri alirudi na gari. Watu wa Mungaa walisema ya Mungu ni mengi. Walisema pia kuwa hatapumzika mpaka Luciana aungame.

Hana alikuja kila asubuhi kumsalimia mwanawe kabla gari halijaondoka. Alimuuliza kama anasikia baridi. Editha alionyesha sakafu kwa kidole. Hana akatazama, akaona vumbi, akaenda kuchukua ufagio. Siku ya pili alionyesha tena, na Hana akafagia tena. Chediel alishika usukani na kujifanya anatafuta kitu mfukoni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kifo kilikuwa kimekwisha kufika, kimekaa siti ya nyuma, na Chediel bado anaficha.

Mwezi wa tisa uchungu ulimshika Rebeka, mdogo wake Editha. Hana alifika mlangoni kwa Chediel kanga ikiwa begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tuwahi."

Walimlaza Rebeka siti ya nyuma, Hana akakaa ya kati. Editha alijibana kwenye kona kumpisha mdogo wake. Chediel aliwasha gari, na taa ikawaka kwa nguvu hata uso wake ukawa wa njano. Alijua sasa ndipo pa kusema, na kwamba maneno yenyewe ni machache.

"Mama, leo tuache madirisha wazi."

"Na upepo huu?" alisema Hana. "Unataka na huyu niende kumzika?"

Hana alichana kanga, akaziba upenyo mmoja baada ya mwingine. Kila alipoziba, Editha alichomoa.

"Tulia, Editha," alisema Hana. "Mdogo wako atapigwa upepo." Akaziba upya, safari hii kwa kukandamiza, na vidole vya moshi havikuwa na nguvu hiyo.

Chediel alishusha dirisha lake kidogo, kwa mazoea, akaondoa gari. Walipokaribia lami, Rebeka alisema kichwa kinamuuma.

"Mwache alale," alisema Hana, ingawa hakuna aliyekuwa akimwamsha.

Kwenye geti la hospitali walishuka wawili waliofunga vitambaa vichwani, wakasimama bega kwa bega kusubiri kuitwa. Jioni hiyo, Mungaa, watu walianza kuulizana ni nani mwingine ana macho mekundu.

Siku ya mazishi Chediel alitakiwa kuwafuata ndugu waliokuwa mjini. Siti ya nyuma ilikuwa imejaa kabla hajapakia mtu. Alikata kipande cha utepe kwa meno, akakibandika juu ya taa, akashusha dirisha lake kidogo, akaondoka.