Siki Tamu

Theluji ilipoanza kuyeyuka nilikichukua kihesabu hatua cha marehemu mume wangu, Teiji, kutoka kwenye kabati la sala. Kilikaa pale kipupwe chote, kati ya picha yake na chetezo cha ubani. Nikabonyeza kitufe, kioo kitupu. Nikakitikisa, nikaenda nacho dirishani, nikarudi. Nilipofungua mfuniko wa nyuma niliona: betri imevuja, unga mweupe umejaa, na kibati kinachoishika kimeota kutu ya kijani.

Zilibaki siku tisa tumfanyie Teiji maombi ya mwaka wa tatu.

Kwenye ukumbi wa mtaa wetu kuna ramani ya Shikoku, kisiwa cha mahekalu themanini na manane. Sisi wazee wa chama cha kutembea huzunguka hapa hapa kwetu, na hatua zetu hupakwa rangi kwenye ramani kana kwamba tumehiji kule. Teiji alifariki akiwa amefika hekalu la sabini na tisa kwenye ramani hiyo. Nikajifunga kidude chake kiunoni, nikaendelea na safari yake, nikiomba ikamilike kabla ya maombi hayo. Mara ya mwisho katibu, Mzee Onodera, alipokisoma, zilibaki hatua elfu themanini. Baada ya hapo nilitembea mwezi mzima, mpaka theluji iliponifungia ndani. Hatua za mwezi ule zilikuwa ndani ya kidude tu, sikuziandika popote. Na Onodera haandiki ila anachokiona kwenye kioo.

Kuketi kulinishinda. Nilishasikia kwamba siki huondoa unga ule, basi nikachukua chupa jikoni, nikachovya kijiti cha pamba, nikasugua. Wifi yangu Kiwa, dada wa Teiji, akaingia kwa mlango wa jikoni na bakuli la figili za chumvi.

"Wifi, unampikia nani mapema hivi?"

"Nasafisha kidude cha kaka yako. Betri imevuja."

Akainusa chupa. "Hii siki ya kutilia wali wa sushi, ina sukari na chumvi. Unataka kumgeuza kaka yangu wali wa sherehe?"

Nikatazama vidole vyangu. Vilikuwa vinanata.

"Na kwa nini hukuitoa betri?"

"Niliona ni kama kumzima."

"Wifi, alishazimika." Akaliangalia kabati. "Na kila asubuhi unamwekea wali wa moto na chai hapo ubavuni. Mvuke wote huo. Hata mimi ningevuja."

Nikacheka bila kutaka. Akaenda kwake, akarudi na siki isiyo na kitu. Tukafuta utamu kwa pamba yenye maji kidogo, tukapaka siki ile, tukapitisha spiriti, nikakikwangua kibati kwa tupa ya kucha mpaka kikang'aa. Tukakiacha kikauke mbali kidogo na jiko. Nikafagia palipokwisha fagiliwa. Nikaenda kukigusa mara tatu.

"Kiache, si mkate huo," Kiwa akasema.

Kilipokauka nikatia betri ya saa ya jikoni, iliyo saizi ile ile. Kioo kikawaka. Sifuri.

Kiwa alikohoa kwanza. "Mwambie Onodera zilikuwa elfu sitini. Nitakuwa shahidi."

"Hujaziona."

"Lakini ulitembea."

"Nilitembea. Ngapi, sijui. Nikitaja namba nitakuwa nimeitunga, na siku ya maombi nitapiga magoti mbele ya Buddha na Teiji ananitazama."

"Teiji alikuwa mwongo kuliko sisi sote kwa samaki aliowavua."

"Kwa samaki, ndiyo."

Nikakifunga kidude kiunoni. Elfu themanini kwa siku tisa, ni kama elfu tisa kila siku. Nikaanza kutafuta viatu.

"Na goti lako hilo?"

"Litakuja nami."

"Na wali wake? Hujamwekea leo."

Nilikuwa nimesahau, jambo ambalo halijapata kutokea tangu tumzike. Nikasimama mlangoni na kiatu kimoja. "Mwekee wewe, wifi. Umwambie nimezipoteza za mwezi mzima, na nimetoka kuzitafuta."

Nikasikia akipakua, akigonga kengele ya sala, akinong'ona upesi upesi. Kisha viatu vyake vikaja nyuma yangu kwenye tope la theluji.

"Nimemwambia," akasema akihema. "Polepole basi, hakuna anayekufukuza."

Kwenye daraja nilikitazama kioo. Mia nne na kumi na mbili. Sikupunguza mwendo.