Bakuli Tupu la Mama Thuo

Waithera, Mama Thuo, alinirudishia bakuli langu likiwa tupu. Lilikuwa limeoshwa likang'aa, na ndani hamkuwa na hata nyanya moja.

Ambaye hakulelewa mtaa wa Ziwani, hapa Nairobi, atauliza kosa liko wapi. Enzi zetu, ukiletewa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, bakuli hulirudishi hivi hivi. Unatia chochote: viazi, sukari, kipande cha sabuni ikibidi. Bakuli tupu lilikuwa na maana moja tu, kwamba tumekosana. Mimi na Waithera tuliishi mlango kwa mlango, watoto wetu wakioga kwenye karai moja, na siku hizo hatukujua njaa ya peke yako. Hata alipohamia mtaa wa Komarock na mumewe, marehemu Bedan, vyakula vyetu viliendelea kusafiri.

Mchawi nilimjua papo hapo. Ni kile kitabu, *Tua Upumzike*, ambacho kila mtu alikuwa akikisoma. Kilifundisha kwamba kuishi vyema ni kutua mizigo usiyojitwika mwenyewe, na kwamba zawadi inayongoja jibu ni mzigo. Kikundi chetu cha akina mama kanisani kilikuwa kimegawanyika kwa sababu yake. Jumapili iliyofuata Sally, anayeuza mboga sokoni Muthurwa, alikisifu kama mchumba.

"Mimi kimeniokoa," alisema. "Siku hizi nikisema sitaki, ni sitaki. Hata mashemeji wamezoea."

"Huyo mwandishi hajawahi kuishiwa na chumvi ugali ukiwa motoni," nilimjibu. "Angejua jirani ni nini."

Nusu walicheka, nusu wakaguna. Waithera alikuwa ameketi papo hapo. Kitabu kilikuwa mapajani mwake, kimesomwa hadi jalada limelegea. Jalada hilo liliniuma kuliko maneno ya Sally.

Kesho yake nilifika kwake bila kupiga simu, hasira imenijaa.

"Mama Thuo, kama umenichoka niambie kwa mdomo, si kwa bakuli."

"Nani amekuchoka? Ingia, wewe."

Nikaingia hadi jikoni, kama tulivyozoea. Jiko la gesi lilikuwa limefunikwa kitambaa, na kitambaa kimeshika vumbi. Kwenye sinki kulikuwa na kikombe kimoja.

"Tangu Bedan aende sijapika," alisema. "Hujui tu. Yale maandazi niliyokuwa nakutilia ni ya dukani. Kila ukileta chakula nafurahi, halafu nalia, nawaza nitarudisha na nini. Mama Kyalo, nimechoka. Watu wote waliniambia nijikaze. Hicho kitabu ndicho kiliniambia nipumzike."

"Sasa mbona ukaanza na mimi?"

"Ningeanza na nani? Nilitafuta mtu ambaye hatakasirika."

Nilijiona mdogo, na machozi yakanitoka mbele yake. Ili nifiche uso niliinuka, nikaondoa kitambaa kwenye jiko na kutafuta kiberiti nimpikie chai. Akanishika mkono.

"Usipike. Kaa tu na mimi."

Kitabu chenyewe sikipendi hadi leo, na kikundini tunabishana bado. Lakini siku hiyo nilikaa. Wanawake wawili wa Ziwani, bila hata kikombe cha chai katikati yetu, hadi Waithera akasinzia ameniegemea, nami nikaogopa hata kukohoa.