Mlango wa Nyakio

Jumanne saa nne asubuhi, Mwalimu Kiplimo alikuwa ameketi nje ya agrovet, duka la dawa za mifugo, mjini Eldoret, akitafuta kwa simu dawa ya ng'ombe aliyevimba kiwele. Mtandao nao ni kama shangazi mwenye umbea: unamwuliza hili, anakujibu lile. Kabla hajafikia dawa, aliangukia makala iitwayo "Mambo Saba Usiyoyajua Kuhusu Mbao". La tano lilisema mlango haumsahau mwenyewe. Ukihamishiwa nyumba nyingine, siku moja utamwulizia. Kiplimo akacheka kidogo, akanunua dawa, akapanda boda hadi kwake Kimumu.

Aliposhika kitasa, mlango ukauliza, "Nyakio?"

"Huo mlango umeanza saa nne," mkewe Jepkemboi alisema kutoka dirishani. "Sisi tunapitia huku nyuma."

Ulikuwa mlango wa mbao ya podo, mzito, una alama za penseli ambapo Nyakio, jirani yao wa zamani, alikuwa akipimia watoto wake urefu. Mwaka ule wa fujo za baada ya uchaguzi Nyakio alipandishwa lori na wanawe na blanketi mbili, na Kiplimo akaung'oa mlango kabla nyumba haijachomwa. "Namtunzia tu," aliwaambia watu. Siku za mwizi ni arobaini, lakini zake zilipita na hakuna aliyekuja, basi akautia bawaba mpya nyumbani kwake.

"Ni mimi, Kiplimo." Mlango haukufunguka. Alijaribu kwa upole, kwa ukali wa mwalimu wa zamu, hata kwa maombi. Mwishowe akanong'ona, "Ndiyo. Ni Nyakio."

Ukafunguka. Tangu siku hiyo aliingia kwake hivyo, na bisibisi ya kufungulia zile bawaba ikakaa mfukoni mwake.

Mwezi wa nane Nyakio mwenyewe alikuja mjini kwa harusi, akapita kuwasalimu. Mlango ulifunguka kabla hajabisha. Alipitisha kidole kwenye alama, akasimama kwenye ile ya chini kabisa.

"Huyu alikuwa Ng'ang'a. Siku hizi ananipita."

Roho ilimsuta Kiplimo hadi akaishika ile bisibisi. Alitaka kusema, chukua mlango wako.

"Ongeza sukari, Mama Ng'ang'a," akasema, akimsogezea chai.

Nyakio alimaliza chai, akashukuru, akaenda zake.

Jioni Kiplimo alirudi kutoka kukamua. Mlango ukauliza, "Nyakio, mbona umeniacha tena?"

"Nimesahau," Kiplimo akajibu.

Ukafunguka, akaingiza maziwa.