Umeme Mwepesi wa Mama Kavira

"Umeme yako iko nyepesi, Mama Kavira," Hamim alisema, akichomoa waya kwenye gari lake la umeme. "Kama maziwa ya kuongezwa maji."

Alisema kwa sauti ya kumfikia Rashidah, muuza chapati wa ng'ambo ya njia. Martine, ndiye Mama Kavira, aliupokea waya. Aliukunja waya, akautundika kwenye msumari, akaitazama mita ukutani. Kijitaa chake chekundu kiliacha kupepesa.

Paneli za sola juu ya paa ndizo zilizobaki badala ya nyumba yake ya Butembo, ng'ambo ya mpaka. Mlangoni aliandika kwa chaki bei za kuchaji: mchana bei ya jua, jioni bei ya betri. Zote mbili zilikuwa chini ya bei ya umeme wa nguzo. Pikipiki za umeme zilikuja, na simu pia, lakini gari la Hamim ndilo lililomlisha. Sasa neno la Hamim, kwamba umeme wake huisha upesi, lilikuwa limeanza kutembea mjini Bwera, na wenye pikipiki walipita getini bila kukata kona. Mgeni akishaitwa mwizi, nani humuuliza tena?

Alishuku waya, akaubadilisha. Alishuku vumbi, akapanda ngazi kuosha paneli. Mwisho akabaki kumshuku Hamim mwenyewe: huenda alitaka kupunguziwa bei.

"Bon," alisema. "Kesho niko naenda na wewe mulimani. Nione umeme yangu inakufaga wapi."

Hamim akacheka. "Utachunga umeme kama mbuzi?"

"Mbuzi inapoteaga kwa sababu ya muchungaji, Papa Hamim."

Walipanda asubuhi na sabuni na chumvi, wakashusha, wakapakia kahawa huko juu. Vijiti vya kijani kwenye geji ya betri vilipungua kimoja kimoja, na Martine hakuona ajabu. Mlima ni mlima. Walipoanza kuteremka, Hamim alilitoa gari kwenye gia, likaserereka kwa uzito wake. Breki zilinuka.

"Mbona unatoa gia?"

"Kuokoa. Miaka yote ya petroli nimeteremka hivi. Mteremko ni sadaka ya Mungu, mama."

Mshale wa nguvu kando ya vijiti ulilala kwenye sifuri. Kwenye kona mbuzi wakaingia barabarani. Hamim akarudisha gia kwa ghafla, akaondoa mguu kwenye kanyagio, na gari likazuilika kana kwamba mtu amelishika mkia. Mshale ukavuka upande wa kijani, upande ambao Martine hakuwa ameuona ukiguswa. Mbuzi walikuwa wengi, wakatangulia kwa uvivu huku gari likiwafuata polepole mteremkoni. Kijiti kimoja kikarudi.

Hamim hakukiona. Alikuwa akiwatukana mbuzi. Njia ilipokuwa wazi, akaitoa gia tena.

Martine akakaza mikono mapajani. Jina lake lilikuwa safi, na ni yeye peke yake aliyejua. Lakini kila kijiti ambacho mlima ungekirudisha, Hamim asingekuja kukinunua. Aliitazama Bwera chini, mabati yake yakimeremeta. Kona moja ikapita, kisha nyingine.

"Rudisha gia," akasema.

"Ili umalize umeme yangu?"

"Rudisha, Papa. Toa muguu. Angalia hapa."

Hamim aliitazama geji kama mtu anayeutazama mkono wa mwingine mfukoni mwake. Kijiti kilipoongezeka, aliegesha, akashuka, akalizunguka gari, akainama kuchungulia chini yake.

"Umeweka nini humu?"

"Sijaweka kitu. Ukiacha gia ndani, magurudumu inazungusha mota na kujaza betri: mulima iko inakurudishia. Wewe ulikuwa unakatala."

Akaendesha na gia ndani mpaka Bwera.

Siku iliyofuata alikuja adhuhuri kama kawaida yake. Kabla ya kuingia getini alitoa kichwa dirishani. "Rashidah! Umeme ya Mama Kavira haina maji. Ni mimi nilikuwa naimwaga!"

"Wewe, mzee mzima!" Rashidah akacheka, akageuza chapati.

Martine alichomeka waya. Kijitaa chekundu kikapepesa. Kabla kivuli cha ukuta hakijasogea sana, kijitaa kikatulia. Betri ya gari ilikuwa imejaa.

"Imeshiba mapema," Hamim alisema, akiikazia mita macho yale ya shaka ya zamani.

"Imeshiba," alisema Martine.

Gari lilipoondoka, aliutundika waya kwenye msumari. Jua lilikuwa bado kali juu ya paneli, na halikuwa na mnunuzi. Huko chini ya njia pikipiki ya umeme ilipunguza mwendo, taa yake ya pembeni ikiwaka na kuzima. Martine alisimama na mkono kwenye waya, akingoja kuona kama itakata kona upande wa geti lake.