Wifi wa Kati ya Mageti Mawili

Msusi alikuwa kwenye kiti cha mbele akimenya yai la kuchemsha, maganda akiyakusanya kwenye kifuniko cha chupa ya chai, mlango wa nyuma ulipofunguliwa na msichana asiyemjua akaingia. Gari lilikuwa kwenye foleni, kati ya mageti mawili. Geti la nchi waliyotoka lilikuwa nyuma yao na lilishawagongea mihuri. Geti la nchi waliyokuwa wakienda likizo lilikuwa mbele, baada ya malori na mabasi. Msichana alisogeza begi, akakaa kando ya Chiriku, binti wa msusi, akauvuta mlango hadi ukajifunga.

"Umechelewa, kaka," alimwambia dereva.

Mume wa msusi alishika usukani kwa mikono miwili, ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Kulikuwa na foleni," alisema.

Msusi alimeza yai bila kulitafuna. Tangu amjue, mumewe alikuwa akisema amezaliwa peke yake, na mama mkwe aliingia kaburini bila kusema vingine.

"Huyu nani?"

"Mdogo wangu. Anayenifuata."

"Huyu ni mtoto wa miaka tisa."

"Ndiyo. Alikuwa na tisa."

Mume alikuwa na mvi kidevuni. Msichana alikuwa na masikio yaleyale yaliyosimama kama vishikio vya kikombe, kwa hiyo hapakuwa na la kubishania. Chiriku, naye wa miaka tisa, alipima bega lake na la mgeni akaona wamelingana. Lakini alikuwa ametoka kwenye nyumba yenye adabu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hilo yai lingine lina mwenyewe?"

Alipewa. Alikula, akajifuta midomo, kisha akamgeukia msusi na kumkagua kuanzia juu hadi chini.

"Kumbe wewe ndiye wifi yangu. Sura unayo. Ila kaka yangu mbona humlishi? Amebaki shingo tupu."

"Kaka yako anakula kwa sufuria, wifi. Mwulize chakula kinakokwenda," alijibu msusi, kwa sababu wifi lazima ajibiwe, hata kama viatu vyake vina vifungo vya kitoto.

Mumewe alieleza akiwa ametazama kioo cha mbele. Walikuwa wakienda baharini na wazazi, yeye bado mvulana, na karani alikuwa amesahau kumwandika mdogo wake kwenye pasipoti ya baba. Geti la mbele likasema hapiti. La nyuma likasema ameshatoka. Baba akamwambia asubiri pale kando ya barabara, wakirekebisha watarudi kumchukua.

"Mkaenda kurekebisha," alisema msusi.

"Tulikuwa tumeshalipia nyumba ufukweni."

"Kwa hiyo?"

"Tulikaa wiki mbili. Nilijifunza kupiga mbizi."

"Na wakati wa kurudi?"

"Baba alipita njia nyingine. Mama alikuwa analia, na baba alikuwa hapendi kelele akiendesha."

Msusi alimtazama mwanamume ambaye alimjua hata anavyokohoa usingizini, akaona hamjui. Kila mwaka mumewe alikuwa akimwambia barabara hii ni mbovu. Mwaka huu msusi ndiye aliyeng'ang'ania, ili Chiriku naye aione bahari.

Alishuka, akamshika wifi yake mkono, wakaenda hadi dirisha la geti la mbele. Afisa alikuwa akila karanga.

"Huyo tunamjua," alisema. "Anatuchotea maji. Mtoto mzuri, hana usumbufu. Hapa katikati hakuna tarehe, mama, ndiyo maana hakui."

"Basi mgongee muhuri apite na sisi."

"Wa kumwombea ni baba yake, na baba yake tumesikia amefariki. Ataomba mwenyewe akifika miaka kumi na minane."

"Atafika lini?"

"Akishavuka," alisema afisa kwa upole, akawasogezea karanga.

Walirudi wakitembea polepole. Hapo ndipo jicho la kazi la msusi lilipofunguka. Upande mmoja wa kichwa cha msichana ulikuwa umesukwa mistari myembamba, iliyokazwa vizuri, mkono wa mtu asiye na haraka. Upande wa pili ulikuwa timutimu.

"Mama alikuwa ananisuka tukiwa garini," alisema msichana. "Akasema atamalizia tukishavuka."

"Nitakumalizia mimi," alisema msusi, kama anavyomwambia mteja yeyote.

Honi ikalia. Foleni ilikuwa imesogea na mbele yao pakawa peupe. Mume alitoa kichwa dirishani.

"Panda, mama Chiriku! Wanakaribia kufunga, na ruhusa yetu ya kuingia ni ya leo tu. Tukilala hapa tunarudishwa nyumbani. Tuvuke kwanza, tutarudi kwake."

"Nenda tu, wifi," alisema msichana. Hakuwa na kinyongo. Alisema kama mtu aliyeyazoea maneno hayo. "Mtanimalizia mkirudi."

Msusi alisimama. Kisha alifungua buti, akatoa kitana na kopo la mafuta, akakaa kwenye ukingo wa barabara, akamweka msichana katikati ya magoti yake.

"Zima gari," alimwambia mumewe.

"Na bahari je?" aliuliza Chiriku.

Msusi hakumdanganya. "Mwaka huu hatuendi, mwanangu."

Chiriku alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyedhulumiwa kweli, akiwa amevaa miwani yake mpya ya kuogelea. Mume alizima gari, akabaki ndani. Mabasi yaliwapita, abiria wakiwatazama kama wanavyotazama watu wowote walioharibikiwa na gari. Afisa alitoka, akakung'uta maganda ya karanga kwenye suruali yake, akateremsha geti, akatia kufuli.

Msusi alichana njia kutoka utosini hadi kisogoni, akaichana tena kwa sababu haikunyooka.

"Inamisha kichwa, wifi," alisema.