Ukuta Uliomwona Baba

Mtaani walimwita Bi Giza, naye hakulionea haya jina hilo. Wenzake walipiga picha kwa simu, yeye alikigeuza chumba kizima kuwa kamera. Dirisha la ghorofani aliliziba kwa maboksi na kitambaa cheusi, akaacha tundu moja tu, dogo kama punje ya dengu. Ukikaa humo mpaka macho yazoee, utaona mtaa mzima umeingia kwa tundu lile ukajilaza ukutani kichwa chini miguu juu: maduka yananing'inia, watu wanakanyaga mawingu, magari yanapita bila sauti. Hapo ukutani alibandika karatasi kubwa ya picha na kuiacha inywe mwanga taratibu. Kilichotulia, karatasi ilikishika. Kilichopita mbio, haikukiona kabisa.

Asubuhi hiyo dada yake mkubwa alimleta baba yao. Mzee alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, na sasa ugonjwa wa kusahau ulikuwa ukimla akili pembeni pembeni, kama mchwa.

"Usimwondolee macho," dada alisema. "Nina shughuli zangu, nitarudi jioni."

"Dada, mimi kazi yangu ni kutazama."

"Kazi yako ni kukaa gizani. Haya, mimi nimesema."

Mzee alichungulia kile chumba cheusi akarudi nyuma. "Kaburini mtanipeleka, lakini si leo," alisema. Basi Bi Giza akamvusha barabara, akamkalisha kwenye benchi nje ya duka la fundi cherehani, mtu mpole mwenye maneno mengi. Hapo, aliwaza, ukuta wangu utamwona. Na kweli, aliporudi juu, kubandika karatasi na kufungua tundu, baba yake alikuwepo ukutani: shati jeupe, kichwa chini, ametulia kama popo mwenye adabu. Bi Giza akacheka peke yake. Akaingia chumba cha nyuma kuchanganya dawa za kusafishia picha.

Dawa ya kwanza iliharibika. Akachanganya nyingine. Aliporudi kutazama ukuta, benchi lilikuwa tupu.

Mwanzoni hakuogopa. Labda kaingia dukani, labda kaenda msalani. Alisubiri doa jeupe litokee tena. Wanawake wawili walipita, baiskeli ikapita, yote kimyakimya, na benchi likabaki tupu. Hapo ndipo alipoacha kusubiri. Kwa mazoea mkono wake uliziba tundu, kisha akashuka ngazi akiruka mbilimbili.

Jua lilimpiga machoni akawa kama kipofu. "Baba yuko wapi?"

Fundi aliinua kichwa kutoka kwenye mashine, akatazama benchi, uso ukambadilika. "Si yuko hapo... Alikuwa hapo! Nilikuwa napiga pindo la suruali, macho yakafuata mkono."

Walitafuta. Bi Giza alikimbia mpaka njia panda, akarudi, akaingia vichochoroni akiita "Baba! Baba!" mpaka sauti ikamkauka. Watu walimwonyesha kila upande. Mmoja kamwona mzee wa kofia, mwingine mzee wa fimbo, na baba yake hakuwa na kofia wala fimbo. Kila breki ya gari iliyolia ilimchoma kifuani. Angemwambia nini dada?

Ndipo akaikumbuka karatasi. Macho ya watu yalikuwa na shughuli zao, lakini karatasi ilikuwa ikitazama muda wote.

Alipanda juu, akawasha taa nyekundu, akaizamisha karatasi kwenye dawa. Kwa haraka yake dawa ikamwagikia sakafuni. Mtaa ulianza kujitokeza polepole, cheupe kikiwa cheusi na cheusi kikiwa cheupe. Kwenye benchi palikuwa na doa jeusi: shati la baba. Mbele kidogo palikuwa na kitu kama moshi, kikubwa, unakiona na ukuta wa nyuma yake unauona. Lori. Lilisimama kwa muda, kisha likaondoka. Na nyuma ya lori, mlangoni kabisa, kulikuwa na doa jingine jeusi, jembamba, lenye mabega.

Bi Giza aliipiga karatasi ile picha kwa simu, akageuza rangi, akaigeuza ya chini ikawa juu na ya kulia kushoto. Ubavuni mwa lori akajitokeza samaki mkubwa aliyechorwa. Alishuka nayo mbio.

"Hilo ni lori la samaki," fundi alisema. "Linashushia duka la pale pembeni."

Mwenye duka la samaki, mama mnene mwenye aproni, alitazama picha akashika kifua. "Limeshaondoka, mwanangu. Na mle nyuma ni baridi ya kugandisha. Mlango ukifungwa, kwa ndani haufunguki, kitasa kilishakufa."

Mama huyo akampigia dereva. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Bi Giza alikuwa amekamata ukingo wa meza kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Akilini alimwona baba yake gizani, shati jepesi, akigonga mlango, akisahau kwa nini anagonga, akigonga tena.

Mara ya tatu dereva akapokea.

"Simama!" Bi Giza alipiga kelele. "Baba yangu yuko nyuma!"

"Dada, mimi nimebeba samaki, sijabeba mtu."

"Simama ufungue, nakuomba!"

Walisikia injini ikipungua, mlango wa mbele ukifunguka, viatu kwenye kokoto. Walisikia komeo likivutwa. Kisha kimya. Kimya kile Bi Giza hakukisahau maisha yake yote.

"Mungu wangu," dereva alisema, na simu ikakatika.

Mwenye duka alimwelekeza njia ya lori, na pikipiki ikamfikisha barabara kuu. Njia nzima hakujua anafuata baba au maiti. Lori lilikuwa pembeni, na Mzee alikuwa ameketi chini juani, amefungwa koti la dereva na turubai, midomo ya kijivu, meno yakigongana. Bi Giza alimkumbatia. Alikuwa baridi kama chuma.

"Huu mzigo," Mzee alisema kwa shida, "nani kaupanga? Umekaa vibaya. Niliingia kukagua."

Hospitali ilimrudishia joto, ingawa vidole viwili vya mkono wa kushoto vilibaki na ganzi. Dada alikuja akiwa na macho mekundu. Bi Giza aliinamisha kichwa, akisubiri matusi.

"Wiki iliyopita na mimi nilimpoteza," dada alisema. "Nilimkuta amelala chini ya lori la watu, anasema anatengeneza breki. Sikukuambia. Niliogopa utasema nimeshindwa."

Wakashikana mikono juu ya shuka, wakakubaliana kwamba tangu siku hiyo Mzee hataachiwa mtu mmoja. Mzee akawauliza wameolewa lini, nao wakamjibu kila mmoja kwa zamu. Huko koridoni muuguzi alifunga mlango kwa kishindo, na Bi Giza akajikuta amesimama, mkono ukielekea kitasani, kabla hajajua kwa nini amesimama.